Kofi Linalosikika Mara Mbili: Sauti na Hukumu katika Filamu ya Liliom (1934)

Tamthiliya ya Liliom ya Mhungaria Ferenc Molnár ilioneshwa kwa mara ya kwanza jijini Budapest mwaka 1909. Filamu zenye sauti zilipoanza kuenea, tamthiliya hiyo ilifanywa filamu mara mbili katika kipindi kifupi: na Frank Borzage nchini Marekani mwaka 1930, kisha na Fritz Lang nchini Ufaransa mwaka 1934, baada ya Lang kuondoka Ujerumani ya Wanazi. Makala haya yanahoji kuwa Lang aliitumia sauti kuifasiri upya tamthiliya, lakini ufasiri huo una dosari ya kimaadili ambayo uhakiki haupaswi kuifumbia macho.

Liliom ni mpiga debe wa bembea za farasi wa mbao. Anampenda Julie, naye anampiga. Anapojua kuwa Julie ni mjamzito, anajiingiza katika unyang'anyi unaoshindwa, kisha anajichoma kisu na kufa. Baada ya hukumu ya mbinguni anaruhusiwa kurudi duniani kwa siku moja kumwona binti yake.

Katika kusawiri safari ya kwenda ahera, Borzage anategemea zaidi taswira: treni inashuka kutoka angani kumchukua marehemu. Lang anategemea zaidi sauti. Mahakama yake ya mbinguni inafanana kwa makusudi na kituo cha polisi cha duniani, na ushahidi unaotolewa humo ni filamu ya siku ambayo Liliom alimpiga Julie. Kwanza tunasikia aliyoyatamka. Picha zinarudiwa, na safari hii tunasikia aliyokuwa akiyawaza, huku akijilaumu. Jukwaani, mwigizaji angelazimika kuisemea hadhira mawazo hayo. Katika filamu, sauti imetenganishwa na kinywa, na pengo kati ya kauli na nia likawa ndilo kiini cha kesi.

Hata hivyo, mawazo yanayosikika ni ya mpigaji peke yake. Mawazo ya Julie, aliyepigwa, hayasikiki. Mahakama inayodai kujua siri za mioyo inafungua moyo mmoja tu, na mtazamaji anavutwa kumhurumia Liliom kabla ya kujua kofi lile lilimfanya nini Julie. Dosari hii inakuwa nzito zaidi tukikumbuka kuwa tamthiliya inahitimishwa kwa mama kumkubalia binti yake kwamba mtu anaweza kupigwa asiumie.

Mfasiri wa Kiswahili atakayeishughulikia kazi hii hana budi kulihifadhi jibu hilo bila kulipamba kwa methali wala kulilainisha, kwa kuwa ukakasi wake ndio unaomlazimisha msomaji kuhoji. Kwa washauri wa mitaala, pendekezo letu si kuiweka kando filamu hii, bali kuifundisha kwa swali moja: sauti ya nani imesikika, na ya nani imezimwa?