Milisekunde moja iliyozaa Dapper

Mwaka 2011 wahandisi wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, walikabili kurasa zilizochelewa kufunguka. Wengi wetu tungekimbilia kuilaumu kanzidata. Wao walipima kwanza, wakakuta muda mwingi unapotelea kwenye seva ya tovuti, katika kuziandaa hoja (maombi ya data) hata kabla hazijafika kwenye kanzidata yao, SQL Server.

Walikuwa wakitumia LINQ to SQL ya Microsoft. Unaeleza unachotaka kwa C#, nayo inakutungia SQL. Raha yake si ndogo: ukikosea jina la safu, kompaila inakukamata mapema. Lakini kila hoja inapoitwa, zana hupitia maelezo yale kipande kwa kipande na kutunga SQL upya, hata kama ni ileile iliyotungwa sekunde iliyopita. Ipo njia ya kuihifadhi hoja iliyokwisha kutungwa, ila msimbo wake unachosha kuandika.

Wahandisi wawili wa hapo, Sam Saffron na Marc Gravell, wakaandika zana yao, Dapper. Humo SQL unaiandika mwenyewe, kwa mfano select * from Posts where Id = @Id. Mara ya kwanza Dapper hutazama safu zilizorudi na sifa za klasi yako, huzalisha msimbo wa kuhamisha thamani moja kwa moja, kisha huutunza kwenye kumbukumbu. Mara ya pili haihangaiki tena. Na kwa kuwa thamani ya @Id hupita kama kigezo, mwenye nia mbaya hapati mwanya wa kupenyeza SQL yake.

Katika jaribio walilochapisha wakati huo, la kusoma rekodi mara 500, msimbo ulioandikwa kwa mkono ulitumia milisekunde 47, Dapper 49, LINQ to SQL 559, na Entity Framework, zana nyingine ya Microsoft ya aina hiyo, 859. LINQ to SQL yenye hoja iliyohifadhiwa ilishuka hadi 81.

Takwimu hizi zinaweza kumshawishi mtu aitupe LINQ to SQL au Entity Framework bila sababu. Gawanya kwa 500: tofauti ya Dapper na LINQ to SQL ni kama milisekunde moja kwa kila hoja. Kwa tovuti yenye msongamano kama Stack Overflow, milisekunde hiyo, ikijirudia, inakuwa mzigo mkubwa kwa seva. Kwa mfumo wa karo za shule moja, hakuna atakayeihisi, ilhali kuandika kila INSERT na UPDATE kwa mkono kutamchosha fundi kila wiki, maana Dapper haifuatilii mabadiliko ya data kwa niaba yako. Stack Overflow wenyewe hawakuitupa LINQ to SQL papo hapo. Dapper hukaa juu ya muunganisho uleule wa kanzidata, hivyo zana mbili zinaweza kuishi katika programu moja: Dapper kwa kurasa zinazofunguliwa sana, ile nyingine kwa kuhifadhi data.

Nionavyo, kinachoua mifumo yetu mingi ni safari nyingi za kwenda kwenye kanzidata. Ukurasa unaorodhesha wanafunzi 50, kisha unaenda kumtafuta mzazi wa kila mmoja: hoja 51 badala ya moja yenye JOIN. Kosa hilo Dapper hailitibu. Timu ya Stack Overflow ilitoa pia MiniProfiler, zana inayoonyesha pembeni mwa ukurasa kila hoja, muda wake, na zile zinazojirudia. Ifunge kwenye mradi wako kabla hujabadilisha zana yoyote.