Picha za Mbingu na Hesabu ya Mwaka

Mtu akioneshwa picha ya galaksi za mbali huwa na jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza husema "Subhana Llah", akakaa kimya kidogo, kisha akaipeleka picha kwa jamaa zake, na shughuli ikesha hapo. Wa pili hukunja uso, akasema kwamba hayo ni mambo ya kompyuta, rangi zimepakwa, na nani aliyefika huko akarudi? Nimewasikia wote wawili hapa Makunduchi, barazani na ndani ya daladala, na kila mara hubaki na dukuduku. Wa kwanza ana adabu, wa pili ana akili ya kuuliza. Lakini wote wawili wameitazama picha kama watu wanaotazama jalada la kitabu bila ya kukifungua.

Nataka hapa nizihakiki picha hizi kama tunavyohakiki utenzi. Mhakiki wa utenzi hasemi tu kwamba ni mtamu, akanyamaza. Huangalia mizani na vina, akauliza kipi kinatokana na kisa chenyewe na kipi ni mkono wa mtunzi. Picha ya darubini nayo ina mtunzi. Yamo ndani yake mambo ya mbinguni, na umo ndani yake mkono wa binaadamu. Asiyeweza kuvitenganisha viwili hivyo hajaiona picha.

Tuanze na ile iliyoenea zaidi katika simu zetu. Tarehe 11 Julai 2022 Rais Joe Biden wa Marekani aliwaonesha walimwengu picha ya kwanza ya rangi kutoka kwa darubini ya James Webb, iliyokuwa imerushwa kutoka Kourou, Guiana ya Kifaransa, tarehe 25 Disemba 2021. Sehemu ya mbingu iliyomo katika picha ile haizidi punje ya mchanga iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa, na ndani yake mna maelfu ya galaksi. Katikati liko kundi la galaksi liitwalo SMACS 0723, ambalo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 4.6 hata kutufikia. Kundi hilo ni zito mno, kiasi kwamba uzito wake hupinda mwanga wa galaksi nyengine zilizo nyuma yake, mbali zaidi, nazo zikaonekana zimevutwa na kujikunja mithili ya vipande vya pete.

Basi mkono wa mtunzi uko wapi? Kwanza, uko katika ile miale sita mirefu inayotoka kwenye nyota. Miale hiyo haimo mbinguni. Inatokana na umbo la kioo cha darubini, kilichounganishwa kwa vipande 18 vya pembe sita, na vyuma vinavyoshikilia kioo kidogo mbele yake. Nyota zilizopigwa na darubini ya Hubble zina miale minne, kwa sababu Hubble imejengwa kwa namna nyengine. Mwenye kulijua hili huitazama picha na akasema ni darubini ipi iliyoipiga, kama mtu wa pwani anavyokijua chombo kwa kuliona omo lake. Na hupata faida ya pili: vile vyenye miale mirefu ni nyota za galaksi yetu wenyewe zilizokatiza mbele, na vile vidogo visivyo na miale, ambavyo jicho huvipita haraka, ndizo galaksi zenyewe.

Pili, uko katika rangi. Webb hupokea mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni kabisa. Wataalamu huchukua picha kadhaa zilizopita katika vichujio mbalimbali, kisha mwanga wenye mawimbi mafupi huupa rangi ya buluu, na ule wenye mawimbi marefu huupa rangi nyekundu. Je, huo ni uongo? Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, nasi leo tunakiandika kwa hati za Kirumi. Herufi zimebadilika, neno halikubadilika. Madhali utaratibu umefuatwa, msomaji anaweza kurudi kwenye sauti ile ile. Rangi za Webb ni hati ya namna hiyo. Kosa langu kwao si kwamba wameandika, bali ni kwamba picha inapofika kwetu huwa imevuliwa maelezo yote, na mtu anapewa maandishi bila ya kufundishwa herufi. Si ajabu basi kwamba mmoja anaona urembo na mwengine anaona ulaghai.

Iko picha nyengine ambayo nina ugomvi nayo zaidi, nayo ndiyo inayopendwa kuliko zote. Ilipigwa na Hubble tarehe 1 Aprili 1995, na wakaipa jina la Nguzo za Uumbaji. Wengi huichanganya na picha za galaksi, ilhali ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyomo ndani ya galaksi yetu hii hii, ambayo mwanga wake huchukua takriban miaka 6,500 kutufikia. Mbinguni hakuna juu wala chini, lakini picha imesimamishwa wima ili mawingu yawe nguzo. Haidrojeni imepewa rangi ya kijani na salfa rangi nyekundu, ingawa gesi zote mbili hung'aa kwa wekundu. Kufanya hivyo kuna maana kwa mtaalamu anayetaka kuzitenganisha. Lakini ukiongeza wima ule, na rangi zile, na jina lile, utaona kwamba mtazamaji amekwisha kuamuliwa ahisi nini kabla hajatazama. Hiyo ni kama shairi linalomwambia msomaji "hapa lia".

Na cha kweli kuliko vyote katika picha ile ni kile kinachokatwa na wachapishaji. Picha kamili ina pengo jeusi pembeni, lenye umbo la ngazi, kwa sababu kamera ilikuwa na vipande vinne na kimoja kilitazama sehemu ndogo zaidi. Pengo lile linasema: hiki ni chombo, kimetengenezwa na watu, na kina mipaka. Wenye kutengeneza kalenda huliona aibu, wakalikata.

Sasa niseme ipi ninayoiona kuwa bora. Ni picha ya Hubble ya mwezi wa Disemba 1995, inayojulikana kwa jina la Hubble Deep Field. Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayoendesha kazi za darubini hiyo, alikuwa na saa zake maalumu za kuitumia. Aliamua kuielekeza mahali padogo karibu na nyota za Dubu Mkubwa, mahali palipochaguliwa hasa kwa sababu palionekana hapana kitu. Kuanzia tarehe 18 hadi 28 Disemba darubini ilitazama pale pale. Zilipigwa picha 342 zikaunganishwa, na katika weusi ule zikatokea galaksi zipatazo 3,000.

Ukiitazama kwa pupa si picha nzuri. Haina katikati, haina nguzo, haina kitu kikubwa cha kushika jicho. Nayo pia ina pengo lake la ngazi. Ni chembe chembe zilizotapakaa kama mchele uliomwagika juu ya jamvi jeusi. Lakini mtunzi hapa hakupanga lolote la kukuliza. Alichagua mahali patupu, akasubiri, akahesabu. Siku 10 zile, kwa hesabu yetu ya Nairuzi, ni mwongo mmoja kamili.

Neno hilo nimelitaja kwa makusudi. Kila mwezi wa Julai watu wengi huja Makunduchi kuutazama Mwaka Kogwa. Huwapiga picha wanaume wakichapana kwa makuti ya migomba, na kibanda kinachochomwa moto, na moshi wake unavyoelekea, na wanawake waliovaa nguo mpya wakiimba. Picha hizo nimeziona nyingi, na baadhi yake ni nzuri kweli. Lakini hakuna hata moja inayoonesha kitu kinachoifanya siku ile iwe siku ile, nacho ni hesabu: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za kukamilishia 365, hesabu ambayo wakulima na mabaharia wa mwambao waliitumia kujua wakati wa kupanda na wakati wa pepo kugeuka. Hesabu haipigiki picha. Kwa hiyo mgeni huondoka na moto na fimbo, akidhani ameuona Mwaka.

Hilo ndilo shauri langu juu ya picha za mbingu pia. Kinachostahiki kustaajabiwa ndani yake ni hesabu iliyo nyuma ya rangi: mwanga uliondoka lini, umekusanywa kwa muda gani, na kidogo kiasi gani kimetosha kutufundisha. Rangi ni moshi wa kibanda.

Kama kuna anayedhani nazidisha, namkumbusha chombo ambacho jina lake ni la lugha yetu. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setelaiti ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya eksirei zinazotoka mbinguni. Bibi Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo upande wa Marekani, aliipa jina la Uhuru. Uhuru haikupiga picha hata moja ya kutundika ukutani. Vyombo vyake vilikuwa vya kuhesabu tu: eksirei ngapi zimeingia, na kutoka upande gani. Kwa kuhesabu huko, hadi mwezi wa Machi 1973, vilipatikana vitu 339 vikaandikwa katika orodha, na ikajulikana kwamba baina ya galaksi zilizo katika makundi mna gesi yenye joto kali iliyotanda, ambayo darubini za mwanga wa kawaida hazikuweza kuionesha. Kiongozi wa utafiti ule, Riccardo Giacconi, alikuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ile ile ya Hubble, kuanzia 1981 hadi 1993, na mwaka 2002 akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Williams alimrithi yeye.

Vijana wengi niliozungumza nao wanazijua Nguzo za Uumbaji. Uhuru hawaijui, ingawa ilipaa kutoka bahari hii hii. Na hata hapa Unguja, anayesafiri kutoka mjini kuja Makunduchi hupita Tunguu, ambako baina ya 1960 na 1964 Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mwezi wa Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomsikiliza. Baada ya Mapinduzi kituo kiliondolewa. Mwambao huu umetoa jina, umetoa bahari, umetoa ardhi. Kilichobaki kwetu ni picha za kupokea katika simu. Mtu asiyekuwa na sehemu katika hesabu hubaki mtazamaji, naye mtazamaji hana budi kuamini au kukanusha, kwa kuwa njia ya kuhakikisha haijui.

Njia hiyo, kwa sehemu yake ndogo, tunayo. Mwezi wa Januari, usiku usio na mbalamwezi, mtu akisimama pwani ya Makunduchi akaelekea kusini juu ya bahari, mbali na taa, ataona viwingu viwili hafifu visivyohama kwa upepo. Hizo ni galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, na mwanga wa ile kubwa yao huchukua takriban miaka 160,000 kutufikia. Mwezi wa Novemba, upande wa kaskazini, huonekana doa jengine hafifu zaidi, galaksi ya Andromeda, ambayo mwanga wake umeondoka miaka kama milioni 2.5 iliyopita. Hazina rangi wala miale. Ni weupe kidogo tu, ambao ukiukazia macho hupotea. Lakini huo ni mwanga wenyewe, umeingia jichoni mwako bila ya mfasiri, na kwa huo unaweza kuipima tafsiri.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Picha ya Disemba 1995 naiweka mbele, kwa kuwa hesabu yake iko wazi na haimlazimishi mtu. Ya Webb ya 2022 naiweka ya pili: ilikusanya mwanga kwa saa 12 na nusu tu, ikaona mbali zaidi, lakini inahitaji kufuatana na maelezo yake. Nguzo za Uumbaji naziweka nyuma, na nitazipandisha siku zitakapochapishwa pamoja na pengo lao.

Na kwa walimu wa skuli zetu nina ombi moja. Mkibandika picha yoyote kati ya hizi ukutani, andikeni chini yake mambo matatu kwa Kiswahili: mwanga huu uliondoka lini, umekusanywa kwa muda gani, na rangi zimepangwa kwa utaratibu upi. Baada ya hapo, mwenye kusema "Subhana Llah" na aseme, na mwenye kuuliza na aulize. Wote wawili watakuwa wanakizungumzia kitu kimoja.