Upinde, Mbwa na Kodi ya Nyumba

Mfululizo wa katuni unapoanzishwa upya, toleo la kwanza hubeba mzigo wa wasomaji wawili: mgeni asiyejua lolote, na mkongwe anayekumbuka kila kitu. Wachapishaji wengi hulijaza milipuko na maelezo marefu ya nani alimuua baba wa nani. Hawkeye namba 1 ya Marvel, iliyotoka Agosti 2012, ilikwenda kinyume kabisa, na katika matoleo ya kwanza niliyowahi kusoma sijaona lililosukwa kwa ustadi zaidi.

Clint Barton, mpiga mishale wa kundi la Avengers, amekuwapo kwenye katuni tangu 1964. Miezi michache kabla ya toleo hili, filamu ya The Avengers ilikuwa imempeleka kwenye majumba ya sinema duniani kote. Ingekuwa rahisi kumwonyesha akiokoa ulimwengu. Mwandishi Matt Fraction na mchoraji David Aja wakaanza kwa kumwangusha kutoka ghorofani. Anaporomoka, anatua juu ya gari, na kufumba na kufumbua yuko hospitali. Mifupa yake huvunjika kama yako na yangu. Hapo mgeni ameshaelewa yote anayopaswa kuelewa, na mkongwe hajachoshwa hata kidogo.

Kutoka hapo hakuna jini wala jitu. Tupo Bed-Stuy, Brooklyn, kwenye jengo la wapangaji wa kipato cha chini. Mwenye nyumba ni mhalifu ambaye vijana wake hushinda na traksuti, na anapandisha kodi ili watu wahame. Vita nzima ni hiyo: majirani watalala wapi?

Aja hukata tendo moja vipande vingi. Mahali ambapo mwingine angechora ngumi kubwa ya ukurasa mzima, yeye hupanga fremu ndogo ndogo, na kila moja imebeba kitu kimoja tu. Mistari yake ni michache, vivuli vyake vizito. Kati ya fremu na fremu kuna ule uwazi mweupe, na huko ndiko msomaji anakofanya kazi: ngumi yenyewe unairusha wewe. Fraction naye anakata muda vivyo hivyo. Mara Clint anaingia kwa daktari wa wanyama amembeba mbwa anayevuja damu, mara tumerudishwa nyuma kabla mbwa huyo hajaumia, alipokuwa bado wa wale wahuni na Clint akampa kipande cha piza. Hakuna anayetueleza kwa nini mtu mzima anamhangaikia mbwa wa adui yake. Tunaunganisha wenyewe, na kwa kuwa tumeunganisha wenyewe, inatuuma.

Halafu rangi, kazi ambayo wasomaji wengi huipita bila kuisemea neno. Matt Hollingsworth ana rangi zote za kompyuta mkononi, lakini anajizuia. Zambarau, rangi ya Clint ya tangu zamani, imetandazwa kwenye kuta, anga na nguo hadi mtaa mzima unakuwa wake. Ukurasa unatulia, na damu ikitokea unaiona mara moja.

Na mwandika herufi, Chris Eliopoulos, asisahaulike. Katika mfululizo huu, watu wakizungumza lugha asiyoijua Clint, ndani ya kiputo cha maneno huandikiwi maneno yao. Unaandikiwa kwamba hapo pana maneno ya kigeni, basi. Unasikia kwa masikio yake. Hila ndogo kama hiyo inakaa vizuri kwenye ukurasa wa katuni, na ndiyo maana naipenda sanaa hii ya watu wanne kuandika kwa mkono mmoja.

Mwishoni Clint analinunua jengo lile na kubaki na mbwa, anayempa jina la Lucky. Mwaka 2013 Aja alipata tuzo ya Eisner kwa uchoraji, na ilikuwa haki yake. Lakini linalonifurahisha zaidi ni toleo la 11, lililotwaa Eisner ya toleo bora mwaka 2014. Lote linasimuliwa kwa akili ya Lucky: binadamu ni harufu na alama ndogo zilizochorwa, na maneno yao hufika vipande vipande tu. Msomaji aliyeanza namba 1 hahitaji kufundishwa namna ya kulisoma. Kusoma kwa vipande alishazoezwa tangu Clint alipokuwa bado hewani.