Pongezi kwa Manju wa Usukumani

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao yake; lakini sanaa ya jukwaani huko, ikiwa uwanja wa vumbi waweza kuitwa jukwaa, ni ya kale kuliko mipaka hiyo. Baada ya mavuno Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma ya Wasukuma, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na kadhi wao ni hadhira, ambayo humwacha aliyepoa ikamkimbilia aliyekolea: hukumu kali, nami sijaona ya insafu zaidi. Manju mmoja, aliyeinama akikaza njuga, nilipomwuliza habari za bugobogobo, mchezo wao wa jembe, hakunijibu kwa maneno; alilichukua jembe, akalizungusha, akalirusha juu, akalidaka bila kulitazama.