Nafsi Isiyorejea: Kitenzi na Mapenzi Yaliyopotea katika Tango "Volver"

Tangu Carlos Gardel aliporekodi "Mi noche triste" mwaka 1917, kwa maneno ya Pascual Contursi, nyimbo za tango za Buenos Aires zimezoeleka kusomwa kama kilio cha mwanamume aliyeachwa. Usomaji huo unamtosha Contursi, ambaye chumba, gita na taa katika wimbo wake vinaomboleza pamoja na mwenye nyumba. Hautoshi kwa "Volver", wimbo wa Gardel na mtunzi wa maneno Alfredo Le Pera, ulioimbwa katika filamu El día que me quieras ya mwaka 1935. Hapa anayesafiri ni nafsi neni, na uzito wote umebebwa na kitenzi kimoja: kurejea.

Le Pera aliiepuka lunfardo, lugha ya mitaani ya Buenos Aires, ili filamu zieleweke kokote kunakozungumzwa Kihispania. Wapo wanaouona wepesi huo kuwa umaskini. Sarufi ya wimbo inawapinga.

Kichwa chenyewe ni kitenzi-jina, kisicho na njeo wala nafsi. Kiitikio nacho kimesimama juu ya vitenzi-jina vitatu: kurejea, kuhisi, kuishi. Si kwamba nafsi ya kwanza haipo. Inakisia taa zinazometameta kwa mbali, inaogopa, inalia, inaficha tumaini dogo. Lakini hairejei. Kila kitenzi hicho kinapopewa njeo, mtendaji wake ni wakati uliopita, unaomjia msafiri kumkabili; au ni mtu yeyote yule, katika kauli ya jumla kuhusu penzi la kwanza. Hata kumtafuta mpenzi kumeachiwa macho, yanayotangatanga gizani. Wanaousoma wimbo kama utabiri wa ajali ya ndege ya Medellín, iliyowaua Gardel na Le Pera tarehe 24 Juni 1935, wanatafuta nje ya matini huzuni ambayo tayari imo ndani ya kitenzi: mtu yumo njiani, na lugha haimruhusu kufika.

Kwa mfasiri wa Kiswahili jambo hili si dogo. Kauli ya jumla haimsumbui, kwa kuwa "hurejea" haibebi kiambishi cha nafsi. Ugumu uko kwenye nyota zinazomtazama msafiri bila kujali. Kihispania kinaruhusu kitenzi-jina baada ya kitenzi cha kuona. Kiswahili hudai "nikirejea", na hiyo ni- inampa mwimbaji kile alichonyimwa wimbo mzima. Afadhali nyota zishuhudie "kurejea kwangu". Ngeli ya KU inakiacha kitendo kikiwa nomino, na umilikishi si uongezaji wa mfasiri: Le Pera mwenyewe, katika ubeti wa kwanza, anamwachia msafiri marejeo yaliyo yake kwa nomino tu, mbele ya taa ambazo bado ziko mbali.