Maboneng na Yule Bondia wa Pili

Jina lenyewe linasikika kama la kwetu. Kwa Kisotho, mabone ni taa, na ile -ng ya mwishoni inafanya kazi ya -ni yetu kwenye nyumbani na sokoni. Maboneng: mahali penye mwanga. Tamu, si ndio? Lakini usidhani ni jina la mababu. Lililetwa na kampuni ya majengo, Propertuity, iliyoanza kununua maghala makuukuu mashariki mwa katikati ya jiji la Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 2000. Jirani yake, Jeppestown, lina umri wa zaidi ya karne. Maboneng ni mtoto wa juzi, na alizaliwa na idara ya mauzo.

Nilifika Jumapili, siku ambayo Fox Street hufurika. Moshi wa nyama, amapiano kutoka milango mitatu kwa wakati mmoja, vijana wamevalia utadhani kila mmoja anapigwa picha, na kweli wengi walikuwa wakipigwa. Sitajifanya sikufurahia. Nilikula, nikazurura, nikanunua fulana ambayo sikuihitaji. Mtaa unajua kujiuza, na mimi ni mnunuzi.

Kilichonisimamisha ni ukuta. Mandela, urefu wa ghorofa kadhaa, ngumi juu, kijana na bado bondia. Mchoro ni wa Ricky Lee Gordon, ambaye wakati huo alijiita Freddy Sam, na aliuchora 2013. Jina lake kwa Kiswahili ni kama Mimi Niko kwa Sababu Sisi Tuko. Mkenya akisikia hivyo anamkumbuka John Mbiti, maana ndiye aliyeliweka wazo hilo kwenye kitabu cha 1969 ambacho walimu wetu wa dini hawachoki kukitaja.

Mkono wa mchoraji ni mzuri, sibishi. Mwili una uzito, mabega yanakaribia kutoka ukutani. Ila picha iliyozaa mchoro huo ni ya Bob Gosani, mpiga picha wa jarida la Drum, ya miaka ya 1950, na ndani yake kuna watu wawili juu ya paa. Wa pili ni Jerry Moloi, bondia, anayefanya mazoezi na Mandela. Ukutani hayupo. Sasa niambie: mchoro unaotangaza "sisi" unabakishaje mtu mmoja? Ngumi za Mandela zinaelekea hewani, na sisi tulio chini na simu zetu tunajipanga palipokuwa pa Moloi. Bila mpinzani, ile si ndondi tena. Imekuwa pozi.

Ningeuacha mchoro kwa amani kama usingekuwa pale ulipo. Machi 2015, wakaazi wa Jeppestown waliokuwa wanakabiliwa na kufurushwa kwenye majengo yao waliandamana, na hasira yao ikaelekea Maboneng. Kampuni ilisema haihusiki na notisi hizo. Huenda. Lakini waandamanaji hawakuhitaji hati ya umiliki kuelewa kwamba kodi ikipanda mtaa huu, mtaa wa pili unaanza kuhesabu siku. Ukitembea dakika chache kutoka Fox Street unafika kwenye hosteli za wanaume zilizojengwa kuwahifadhi vibarua wa jiji, na pale hakuna anayekuuzia fulana.

Cha ajabu ni kwamba mtaa huohuo ulikuwa na msanii aliyelijua jambo hili kabla ya wote. William Kentridge alikuwa na studio Arts on Main, jengo la kwanza la mradi, lililofunguliwa 2009. Filamu yake ya 1989, ile inayoita Johannesburg jiji la pili kwa ukuu baada ya Paris, ina mhusika anayeitwa Soho Eckstein: suti ya mistari, sigara nene, mwekezaji wa majengo anayeumeza mji. Miaka 20 baadaye, aliyemchora Soho akawa fahari ya mradi wa mwekezaji wa majengo. Hata ukimlipa mwandishi wa tamthilia hakutungii kejeli kama hiyo.

Lakini simchekei Kentridge, kwa sababu ya namna anavyofanya kazi. Anachora kwa makaa, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena juu ya karatasi ileile. Makaa hayafutiki vizuri. Kila kilichoondoka kinaacha ukungu wa kijivu, hivyo mtu akitembea kwenye filamu anaburuta nyuma yake mahali pote alipokuwa. Ukitoka kwenye filamu hizo na kusimama tena chini ya Mandela, unaona tofauti ya aina mbili za kufuta. Kwa Kentridge, aliyeondolewa bado anaonekana. Ukutani, Moloi hana hata kivuli.

Mwaka wa 2019 Propertuity ilianguka na majengo yake yakapelekwa mnadani. Wengi waliandika tanzia ya mtaa. Mimi niliyefika baadaye niliona kitu kingine: rangi inabanduka, baadhi ya milango imefungwa, lakini barabara imejaa watu wa Jozi wenyewe, wenye pikipiki, wenye mabirika ya barafu, watoto wanaocheza dansi kwa sarafu. Kituo cha maonyesho ambacho Kentridge alikianzisha hapo 2016, The Centre for the Less Good Idea, kinaendelea kuwapa wasanii nafasi ya kujaribu mambo ambayo huenda yasifaulu.

Ukienda, usitazame ule ukuta kutoka upande wa mikahawa. Zunguka, ingia kupitia Jeppestown kwa mguu, mchana, pamoja na mtu wa pale. Mandela atakuwa palepale, ngumi juu. Mtazame anayepita chini yake bila kuinua macho, amebeba mkebe wa rangi, anaenda kazini Jumapili.