Nembo au Chapa? Maoni juu ya Alama za Biashara

Neno nembo limepanda cheo. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 maana yake ni alama ya kabila, yaani chale zilizochanjwa mwilini. Leo twataja Nembo ya Taifa, na mwenye duka naye hutaka achorewe nembo ya biashara yake. Kubadilika kwa maana si kosa, maana lugha iliyo hai haikai mahali pamoja. Lakini yatupasa tuangalie neno hilo lilichukua nini lilipoingia sokoni, kwa kuwa naona makosa mengi ya wachoraji yameanzia hapo.

Nembo ya Taifa ya Tanzania ina mwanamume na mwanamke, pembe za ndovu, ngao, mwenge, bendera, mkuki, shoka na jembe, mawimbi ya maji, Mlima Kilimanjaro, mkarafuu na mpamba, na chini yake maneno Uhuru na Umoja. Wingi huo wafaa, kwani nembo ya namna hii husomwa kwa utulivu, wala haishindani na nyingine juu ya rafu ya duka. Bali mwenye mashine ya kusaga unga akiiga mfano huo, akaweka hindi, gunia, mikono inayopeana, ramani ya nchi na herufi tatu za jina lake, hujitia hasarani. Ikipunguzwa mchoro huo ili uenee katika muhuri au katika kioo cha simu, huwa doa tu. Kila jambo limesemwa, wala hapana lililosikika.

Neno chapa, lenye asili ya Kihindi, ni la soko hasa. Hutukumbusha tendo la kupiga: kitu kiwezacho kupigwa mara elfu, juu ya mfuko, chupa au sanduku, kikabaki kile kile. Huko Uingereza kampuni ya bia ya Bass iliandikisha pembetatu nyekundu tarehe 1 Januari 1876, ikawa alama ya kwanza katika daftari la alama za biashara la nchi hiyo. Pembetatu haielezi shayiri wala pipa. Hata hivyo Mfaransa Manet alipochora baa ya Folies-Bergère mwaka 1882, chupa zile zilitambulikana kwa pembetatu yao ndogo.

Je, umbo peke yake latosha? Pwani yetu yatoa jibu jingine. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zina alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Kwa jicho la mchoraji alama hii ni maskini: haina picha, na zile herufi tatu ni bubu kwa asiyemjua mwenyewe. Nguvu yake imo katika maneno yanayofuata, ambayo ni Kiswahili kamili chenye sarufi yake, na mnunuzi aweza kuyatamka mbele ya muuzaji bila kujikwaa. Tena alama hiyo yajua mahali pake. Imeandikwa kwa herufi ndogo ukingoni mwa nguo, ikiacha pindo, mji na jina la kanga vizungumze. Haigombani na bidhaa iliyokuja kuitambulisha.

Basi alama njema ina mitihani miwili, wa jicho na wa ulimi. Bass ilishinda wa kwanza, Abdulla wa pili. Mchoraji wa leo hana budi kujaribu yote miwili. Kwa upande wa istilahi, ningependa nembo ibaki kwa mataifa na vyuo, na biashara irudishiwe chapa yake. Sitarajii watu waache mazoea kwa ushauri wa makala moja. Lakini anayeombwa kuchora nembo ya duka na akumbuke kuwa kazi yake ni chapa: mtoto aliyetumwa dukani, asiyejua kusoma, aweze kuitambua kwa macho na kuiagiza kwa jina.